Bwana Aliuliza "Tangu Lini?"

Miaka kadhaa iliyopita nilimfukuza msichana katika darasa la Kipaimara. Naanza na kosa langu mwenyewe, maana nitawasema wengine humu ndani, na si haki kuwasema kabla sijajisema.

Nilikuwa katekista wa kigango kimoja kando ya Ziwa Nyasa. Msichana huyo alikuwa na miaka 16, mtulivu, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya. Siku hiyo nilimwuliza swali kuhusu mapaji ya Roho Mtakatifu. Akanitazama bila kujibu. Nikamwuliza tena, akaendelea kunitazama kwa macho makavu, kama mtu anayesikiliza kitu kilichoko nyuma yangu. Wenzake wakaanza kucheka. Nilipopandisha sauti aligeuza kichwa na kushika sikio. Niliona dharau hapo. Nikamwambia atoke nje, arudi siku atakapokuwa na adabu.

Alitoka taratibu. Alipofika mlangoni akageuka, akasema kwa sauti ya chini: "Samahani mwalimu. Nilikusikia unaongea, ila maneno sikuyajua."

Maneno hayo niliyachukua kuwa kiburi cha pili. Leo najua kwamba hakuna mtu aliyepata kunieleza ukweli mfupi na kamili kuliko ule.

Kijijini walikuwa na maelezo yao tayari. Babu yake mzaa baba alikuwa akianguka. Shangazi yake alianguka alfajiri moja akiosha vyombo ufukweni, maji yakiwa hayajafika hata magotini, akatolewa amekwisha kufa. Watu walisema ziwa limechukua chake. "Ukoo ule," walisema, na ilitosha. Usiku mmoja, wiki chache baada ya mimi kumfukuza, msichana alipata degedege la mwili mzima. Alipelekwa hospitali, akapewa vidonge, na kwa miezi sita hakuanguka. Ndipo kikaja kikundi cha maombi kutoka mjini, na vipaza sauti na mafuta yao. Wakamweleza baba yake kuwa hiyo ni laana ya ukoo, mizizi yake iko kwa mababu, na kwamba vidonge ni alama ya kutoamini. Vidonge vikatupwa chooni. Hazikupita wiki mbili, msichana akaanguka jikoni juu ya mafiga. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havinyooki mpaka leo.

Ndugu zangu, nasema wazi. Fundisho la laana ya ukoo, likitumiwa kueleza kifafa, ni fundisho la uongo. Linaua watu majini na kuwaunguza motoni, na linamsingizia Mungu. Na sisi tulioketi kimya huku likihubiriwa tumelibebea vipaza sauti vyake.

Kinachotokea kichwani

Nilikwenda na baba wa msichana hospitalini tulipompeleka na mkono wake ulioungua. Daktari alitukalisha chini akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika miaka yangu yote ya kufundisha dini.

Wengi wetu tunadhani kusikia ni kazi ya sikio. Sikio hupokea mtikisiko wa hewa na kuugeuza kuwa umeme mdogo sana, na umeme huo husafiri mpaka kwenye ubongo. Ubongo ndio unaosikia. Sehemu inayofanya kazi hiyo iko pembeni mwa kichwa, karibu na juu ya sikio. Jirani yake kuna sehemu inayogeuza sauti kuwa maneno yenye maana, na kwa watu wengi iko upande wa kushoto. Mwaka 1874 daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza habari za wagonjwa walioumia hapo: masikio yao yalikuwa mazima, walisikia kila mlio, lakini lugha ya mama yao ilikuwa imegeuka kelele.

Chembe za ubongo huzungumza kwa umeme, na kwa kawaida huzungumza kwa zamu, kama kwaya inayofuata mkono wa mwalimu. Kifafa ni pale kundi la chembe linapopiga kelele zote kwa pamoja bila mpangilio. Zikiwa zile zinazoongoza mikono na miguu, mwili hutikisika. Zikiwa zile za pembeni, za kusikia na lugha, mtu anaweza asitikisike kabisa. Atasikia mvumo, mlio kama wa nyuki, au mngurumo ambao hakuna mwingine anayeusikia. Wachache husikia sauti ya mtu au kipande cha wimbo. Wengine kwa muda wa nusu dakika au dakika mbili hupoteza maana ya maneno: wanajua wako wapi, wanaona nani anasema nao, lakini ni kama Mmatengo aliyeshushwa ghafla katika soko la ugenini. Kisha hali hupita, au umeme husambaa ubongo mzima na mtu huanguka.

Ipo aina ya namna hii inayopita katika familia, nayo mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 10 na 30. Mwaka 2002 watafiti waligundua kwamba katika baadhi ya familia hizo hitilafu iko kwenye jeni iitwayo LGI1, ambayo hutengeneza protini inayosaidia chembe za ubongo zisisisimke kupita kiasi. Kwa baadhi ya wagonjwa, mlio wa ghafla unaweza kuamsha tukio lenyewe: simu ikilia, au mtu akiita kwa nguvu. Fikiri basi mwalimu anayempandishia sauti mtoto wa namna hiyo, mara ya pili na ya tatu.

Wako pia watoto wadogo, kati ya miaka 3 na 8, ambao walikuwa wanaongea vizuri, kisha wanaacha kuelewa wanachoambiwa, na baadaye wanaacha hata kuongea. Wazazi hudhani wamekuwa viziwi. Wakipimwa, masikio ni mazima. Umeme usio na mpangilio unavuruga ubongo wao, hasa wakiwa usingizini, na wengine hawaanguki hata mara moja. Madaktari William Landau na Frank Kleffner waliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1957, na mwaka 2013 ilijulikana kwamba baadhi ya watoto hao wana hitilafu ya jeni iitwayo GRIN2A. Ni mara ngapi mtoto wa namna hii ameitwa mkaidi, akachapwa kwa kutojibu?

Msichana wetu hakupimwa jeni, wala haikuwa lazima apimwe ili atibiwe. Daktari alisikiliza maelezo yake, akauliza habari za babu na shangazi, akabadilisha dawa.

Kurithi si kulaaniwa

Hapa wahubiri wa laana hudhani wameshinda. "Si mmekubali wenyewe kwamba ni ya ukoo?"

Tuwajibu kwa hesabu. Katika aina ile inayohusu LGI1, mzazi mwenye hitilafu ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumrithisha kila mtoto. Miongoni mwa walioirithi, takriban theluthi mbili tu ndio wanaougua. Kwenye watoto sita, kwa wastani watatu wataibeba na wawili wataugua. Yule wa tatu hatapata tukio hata moja maishani, lakini anaweza kumrithisha mwanawe. Hebu niambieni, ni laana gani hiyo inayompita mlevi na kumkuta mtawa, inayomruka baba na kumshika mjukuu? Hitilafu hiyo hufuata njia ileile inayofuatwa na rangi ya macho na urefu wa kimo. Mtoto wa ukoo huo amerithi pia kicheko cha bibi yake na sauti ya uimbaji ya baba yake, na hakuna aliyemwekea mikono ili avunjiwe hayo.

Lakini kuna zaidi. Kinachorudiarudia katika ukoo si lazima kitoke kwenye damu. Tazameni jirani zetu wa kaskazini. Kule Mahenge, katika Wilaya ya Ulanga, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawakuta wagonjwa waliotengwa na kuogopwa hata mate yao. Mwaka 1992 Dk. Rwiza na wenzake walichapisha matokeo ya kuhesabu nyumba kwa nyumba katika Ulanga: zaidi kidogo ya watu 10 katika kila 1,000 walikuwa na kifafa. Mwaka 1995 ukachapishwa uchambuzi wa urithi wa ugonjwa huo kule, kwa sababu ilikuwa dhahiri kwamba unajikusanya katika familia. Baadaye uchunguzi mwingine ulionyesha jambo jipya: kifafa cha eneo lile kina uhusiano mkubwa na usubi, ule ugonjwa wa minyoo inayoletwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Familia moja huishi kando ya mto mmoja na kuumwa na inzi walewale. Mtu aliyetazama kwa mbali akasema "ukoo" hakuuona mto. Mkoa wetu wa Ruvuma nao ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye usubi, na ndiyo maana dawa ya kinga hugawiwa vijijini bila malipo. Wapo wanaoikataa kwa sababu za kidini, kisha wanakwenda kuvunjiwa laana.

Au mtazame nguruwe. Milimani Mbinga wengi wetu tunawafuga, na wengine tunawaacha wazurure. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu hupata viluwiluwi, na utafiti wa Nyanda za Juu Kusini umewakuta nguruwe wa namna hiyo. Mtu naye akimeza mayai ya tegu kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, viluwiluwi vinaweza kukaa kwenye ubongo wake na kuleta kifafa. Familia moja hutumia choo kimoja, au hukosa choo kwa pamoja. Ongeza malaria kali: huko Kilifi, Kenya, watafiti waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, wakakuta baadhi yao wamebaki na kifafa na wengine wana shida ya lugha. Ongeza homa ya uti wa mgongo, na uchungu wa uzazi uliochukua muda mrefu mno mbali na mkunga.

Anayesema "laana" hana haja ya kuuliza lolote kati ya hayo. Hauoni mto, wala banda la nguruwe, wala choo, wala neti iliyotoboka. Neno lake moja limeziba maswali yote. Huo ni uvivu uliovaa joho.

Swali la Bwana

"Lakini Biblia inasema pepo." Ndiyo, tusiikimbie Injili. Marko sura ya 9 inamwonyesha baba aliyemleta mwanawe, na Bwana anamkemea pepo anayemwita bubu na kiziwi. Mathayo anapolisimulia tukio hilo katika sura ya 17, baba anataja ugonjwa ambao Biblia zetu za Kiswahili zinauita kifafa. Sithubutu kusema mtoto yule alikuwa na jeni gani. Nawaomba tu tusome tulichoandikiwa, mstari kwa mstari.

Kwanza, kabla ya kumponya Bwana aliuliza swali moja: amekuwa hivi tangu lini? Baba akajibu kwamba ni tangu utoto, na kwamba mara nyingi humtupa motoni na majini. Swali hilo ndilo la kwanza ambalo daktari yeyote mwema huuliza. Bwana hakuuliza babu yake alikuwa nani. Hakuuliza nani katika ukoo alikwenda kwa mganga. Na jibu la yule baba kila mama wa ufukweni analijua: moto wa mafiga na maji ya ziwa.

Pili, wanaotuambia kwamba namna hii haitoki ila kwa sala wanasahau ni nani aliyeambiwa hivyo. Waliambiwa wanafunzi, faraghani, walipouliza kwa nini wao walishindwa. Mzigo wa sala uliwekwa mabegani mwao. Mgonjwa hakulaumiwa, wala baba yake, ambaye imani yake ilikuwa nusunusu na alikiri hivyo mwenyewe. Sasa sisi tumegeuza: maombi yakishindwa, tunasema mgonjwa hana imani.

Tatu, Mathayo 4:24 inataja makundi ya watu walioletwa kwa Bwana, na inawataja wenye pepo na wenye kifafa kila kundi peke yake. Mwinjili alijua tofauti. Kwa nini mhubiri wa leo asiijue?

Nne, laana. Wanaopenda kusoma Kutoka 20 juu ya Mungu kupatiliza uovu wa baba kwa watoto, waendelee mpaka Ezekieli 18, ambapo Mungu anakataza katika Israeli ile methali ya baba kula zabibu chungu na mtoto kutiwa ganzi ya meno. Kisha wafike Yohane 9. Wanafunzi waliuliza kuhusu kipofu wa kuzaliwa: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana alikataa majibu yote mawili. Anayeuliza swali hilo tena juu ya mtoto wa kifafa analiuliza miaka elfu mbili baada ya kujibiwa.

Na kuhusu sauti. Wapo waliosikia mvumo au wimbo wakaambiwa wana jini, na wapo walioambiwa wana wito. Mkumbukeni mzee Eli katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 3. Kijana alikuja mara ya kwanza akisema ameitwa, na Eli akamwambia arudi akalale. Alikuja mara ya pili, akaambiwa vivyo hivyo. Ni mara ya tatu tu Eli alipotambua. Hakukemea wala hakutangaza, alipima. Sauti ya kifafa hujitambulisha kwa mpimaji: ni fupi, hurudia ileile kila mara, na baadaye huacha uchovu, maneno yaliyopotea au anguko. Sauti ya namna hiyo ipelekwe kwa daktari.

"Tumeona waliopona"

Watasema, "Tuna shuhuda. Aliombewa hapa, hakuanguka tena." Siwaiti waongo. Kifafa hiki kinachoanzia kwenye kusikia mara nyingi hakiji kila siku. Kinaweza kukaa miezi bila kuonekana. Mtu akiombewa leo, akakaa miezi mitatu salama, atasimama na kushuhudia, na kanisa litapiga vigelegele. Akianguka mwezi wa nne, hakuna anayemwita tena mbele. Na aliye salama kwa sababu ya vidonge huambiwa amepona, aviache. Kuacha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, nalo linaweza kuua. Anayemwambia mgonjwa atupe dawa hajaonyesha imani yake. Ameweka rehani uhai wa mwingine.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba sahihi. Dawa hizo si za ajabu. Fenobabitoni ni ya bei ndogo na imetumika kwa zaidi ya miaka 100. Kwa aina ile ya kusikia, kabamazepini huwasaidia wengi. Je, nani aliyeweka hekima hiyo kwenye mimea na madini na vichwa vya watu? Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu mganga wa tiba kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba, na katika sura hiyohiyo anatuambia tusali. Hakutuchagulisha kimoja.

Wazee wetu katika imani walilielewa hilo. Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898 hawakuishia kujenga altare. Leo kuna hospitali Peramiho, kuna hospitali Litembo kwa Wamatengo, na ndugu zetu Waanglikana wana hospitali Liuli kando ya ziwa. Msalaba uko juu ya kanisa na juu ya hospitali. Anayewafundisha watu kwamba kuingia mlango wa pili ni kuukana wa kwanza, anabomoa walichojenga.

Kanisa limejirekebisha, sisi je?

Tusiwatupie mawe wahubiri wa nje tu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 984, iliwahesabu wenye kifafa pamoja na wenye wazimu na waliopagawa miongoni mwa wasiofaa kupewa daraja takatifu. Sheria mpya ya mwaka 1983 iliondoa kifafa katika orodha hiyo. Kanisa lilijifunza, likafuta. Sheria hiyohiyo, kanuni ya 1172, inasema hakuna awezaye kumpunga pepo mtu aliyepagawa bila ruhusa maalumu ya Askofu, na ruhusa hiyo hupewa padre. Mlei mwenye kipaza sauti hana ruhusa hiyo, hata awe na sauti kubwa namna gani.

Serikali nayo ilikuwa na mtazamo wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitaja kifafa cha kurudiarudia, pamoja na wazimu, miongoni mwa hali zinazoweza kuifanya ndoa ibatilishwe. Ndiyo maana familia huficha. Binti hupelekwa kwa wakwe na vidonge vimeshonewa kwenye pindo la kanga, au anaviacha ili asionekane. Kila posa inapovunjika kwa sababu ya "ukoo ule", mgonjwa mwingine anajificha na kuacha dawa. Jumuiya zetu ndogo ndogo ndizo zinazofanya uchunguzi huo wa posa. Tunajua. Tumekaa kwenye mikeka hiyo.

Basi tufanye nini? Nataja machache, na kila jumuiya iyapime.

Mtu akianguka, mgeuze alale ubavu, toa vitu vya kumwumiza, legeza nguo shingoni, kaa naye. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Mate yake hayaambukizi. Mfute kwa mkono wako. Ikizidi dakika tano, au akirudia kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali.

Mwenye kifafa asiende ziwani peke yake, iwe kuoga, kuchota maji au kuvua usipa. Jiko lake liinuliwe au likingwe. Vijana wa jumuiya wanaojenga nyumba ya katekista wanaweza kujenga na jiko hilo kwa siku moja.

Mtoto anayenyamaza ghafla, anayeshika sikio, au anayesema maneno yamepotea, asichapwe. Mwalimu wa dini amwulize kwa upole, kisha awaambie wazazi. Mtoto aliyekuwa akiongea akaacha, apelekwe hospitali mwezi huohuo.

Sala iendelee. Padre aitwe, Mpako wa Wagonjwa utolewe kama Yakobo 5 inavyotuagiza. Lakini anayesali na mgonjwa amwulize pia kama amemeza dawa leo, na kama zimebaki za kutosha. Jumuiya ichange nauli. Sasa kuna lami kutoka Mbamba Bay mpaka Mbinga, tusiseme tena njia.

Na mhubiri yeyote atakayesimama kwenye kigango chetu kusema kifafa ni laana ya ukoo, mwenyekiti wa kigango amwombe kwa heshima ashuke.

Mimi nilikwenda nyumbani kwa yule msichana. Nilipiga hodi, baba yake akanikaribisha, nikaketi. Nilimwambia mbele ya wazazi wake kwamba nilimkosea, kwamba siku ile alisema kweli na mimi sikusikia. Alinyamaza kidogo, nikaogopa ni ule ugonjwa. Kisha akasema, "Shikamoo mwalimu," kama vile ndiyo kwanza nafika. Mama yake akacheka, akatuletea mihogo.

Alipata Kipaimara mwaka uliofuata. Anameza dawa asubuhi na jioni, na jirani yake katika kwaya anajua la kufanya. Bado yapo masikio ya wengi yasiyosikia alichosema pale mlangoni. Ninapomsikia Bwana katika Marko 7 akimtenga yule kiziwi na makutano, faraghani, bila kipaza sauti, na kumfungua masikio, siku hizi siwaombei wenye kifafa peke yao. Naliombea na kanisa langu.